Mlango wa Sukari na Chumvi

Baba wa nyumba ile alipenda kutania kwamba anaishi na wanawake wawili na nusu. Wa kwanza alikuwa mkewe, aliyefundisha biolojia katika shule ya sekondari. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hadi muuza mkaa. Wa pili alikuwa mama mzazi wa marehemu mke wake wa zamani. Huyu alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, mahali penye mwanga mzuri kuliko pote nyumbani. Ile nusu ilikuwa mtoto wa marehemu, binti wa darasa la pili, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Jina lake halisi lilikuwa la shuleni tu.

Mwalimu alipoolewa, mume alimweleza mapema. "Yule mama amemzika binti yake akiwa kwangu. Siwezi kumwambia afungashe." Mwalimu alikubali bila kinyongo. Kukubali hakukuwa na kazi. Kazi ilikuwa kuishi na mtu anayekutazama namna unavyosuuza bakuli la mjukuu wake. Bibi hakuwa mtu wa matusi. Alikuwa mtu wa kimya, na kimya chake kikijaa sana kilimwagika kwa methali moja, halafu cherehani ikaendelea. Chiriku mwenyewe hakuwa na neno. Alimwita Mwalimu "Ma'mdogo" tangu siku ya kwanza na kumsimulia habari zake zote, za kweli na za kutunga. Ila akianguka, au akiota ndoto mbaya, mbio zake ziliishia mapajani kwa Bibi. Mwalimu aliliona hilo na hakulalamika. Aliwahi kumwambia mumewe, "Mapaja ya mtu hayagombewi."

Ijumaa moja Chiriku alirudi kutoka shule akiwa amekula matunda ya kukatwa yaliyouzwa nje ya lango. Jumamosi kulipopambazuka tumbo lilikuwa limefunguka. Alienda chooni, akarudi, akaenda tena, mwisho akawa anakaa mlangoni pa choo kwa sababu safari ya kurudi haikuwa na faida. Akatapika. Kufikia saa ya chai ya asubuhi alikuwa haongei, na nyumba ile bila sauti yake ilikuwa kama redio iliyokatiwa umeme.

Mwalimu alimpigia mumewe. Simu haikupatikana. Mume wake alikuwa fundi wa minara ya simu, na kila alipokwenda kazini ili watu wa mbali wapate mtandao, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa hapatikani.

"Mama, naomba ukae naye," alimwambia Bibi. "Nakimbia duka la dawa kuchukua chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Nikirudi tunakwenda zahanati. Mpe maji kidogokidogo."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Mwalimu akachukulia kwamba wamekubaliana.

Duka la kwanza lilikuwa limefungwa, la pili lilikuwa na foleni. Aliporudi na pakiti zake mkononi, alimkuta Chiriku amelala kwenye mkeka, midomo imekauka na kupasuka, macho yameingia ndani. Alikuwa analia, lakini machozi hayatoki. Jagi la maji lilikuwa juu ya kabati, mahali ambapo mtoto hafiki.

"Amekunywa?" Mwalimu aliuliza.

"Hajanywa."

"Kwa nini, Mama?"

"Mtoto anaharisha maji, wewe unataka nimwongezee maji?" Bibi alijibu kwa utulivu, kama anayemweleza mteja kwa nini gauni haliwezi kupunguzwa zaidi. "Tumbo likichafuka linapumzishwa. Lisipopata kitu halitakuwa na cha kutoa."

Mwalimu alipiga magoti, akaibana ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili na kuiachia. Ilirudi taratibu, kama kitambaa kilichokunjwa siku nyingi. Alisimama, akashusha jagi, akachemsha maji, akayapoza kwa kuyamimina kutoka sufuria moja hadi nyingine, akapima lita moja na kumwaga pakiti moja ndani yake. Alifanya haraka lakini kipimo hakukikosea. Chiriku alipoona kikombe alikirukia, akapiga mafunda makubwa, na muda si muda akayarudisha yote kwenye beseni.

"Umeona," alisema Bibi.

"Nimeona. Amekunywa kwa haraka. Tunasubiri kidogo, kisha tunaanza na kijiko."

"Uchungu wa mwana, aujuaye mzazi," Bibi akasema, akitazama cherehani yake.

Mwalimu hakuwa na mtoto wa kumzaa, na Bibi alijua. Neno lile lilimwingia hadi kwenye mfupa. Angeweza kujibu, majibu mawili matatu yalikuwa yameshafika kwenye ulimi, yamepanga mstari. Akayameza. Alimfunga Chiriku shuka, akambeba mgongoni ingawa miguu ilikuwa mirefu na ilining'inia, akamimina dawa kwenye chupa, akatoka kutafuta teksi. Alipoketi akasikia mlango wa upande wa pili unafunguliwa. Bibi aliingia na beseni lake, akakaa, akaliweka mapajani.

Zahanati ilikuwa na ukumbi mrefu wenye mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na nguo za wagonjwa wa miaka mingi. Muuguzi mwanamume, mnene, mwenye sauti ya taratibu, alimpima Chiriku, akauliza kama kuna damu kwenye choo, akaambiwa hakuna. Akampa vidonge vya zinki na kusema, "Huyu anaweza kunywa, basi atakunywa. Kaeni pale nimwone. Kijiko kimoja, mnatulia, kijiko kingine. Akitapika mnapumzika, halafu mnaendelea polepole zaidi. Ikishindikana ndipo nitamtundikia dripu."

"Mtundikie sasa," alisema Bibi. "Dripu inaingia moja kwa moja. Hiki kijiko kinakwenda wapi? Kila akinywacho kinatoka."

"Mama, sindano ni ya asiyeweza kumeza," muuguzi alisema, akaitwa na mgonjwa mwingine.

Wakakaa. Chiriku alilala kichwa kikiwa kwenye mapaja ya Bibi, miguu kwenye mapaja ya Mwalimu. Mwalimu aliinama juu yake na kijiko. Kimoja. Akasubiri. Kingine. Kwenye benchi la mbele yao alikaa mzee mwenye bandeji ya kidole, akawa anahesabu vijiko kimoyomoyo, midomo ikichezacheza, mpaka usingizi ukamshika.

"Nimeuliza swali," Bibi alisema baada ya kitambo. "Sikuuliza kwa ugomvi. Maji yanatoka. Wewe unatia mengine. Yatakaa vipi?"

Mwalimu alimtazama. Miaka yote ile waliyoishi nyumba moja, Bibi hakuwahi kumuuliza kitu cha darasani. Aliona pia kwamba mkono wa bibi yule ulikuwa unazipapasa nywele za mtoto bila kuacha.

"Utumbo kwa ndani umejengwa kwa seli," alianza. "Vitu vidogo sana, havionekani kwa macho, vimepangwa bega kwa bega kama vigae. Na kila seli imevaa utando. Huo utando ni mafuta, Mama. Mafuta ya safu mbili." Alitafuta mfano, akashika pindo la koti la Bibi, ambalo Bibi alilishona mwenyewe. "Kama hapa. Kitambaa cha juu na bitana. Ukishavishona na kuvigeuza, migongo inatazamana, nyuso zinakaa nje."

"Ndiyo. Nyuzi zinafichwa katikati."

"Basi chembe za yale mafuta ziko hivyo. Kila moja ina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Vichwa vinatazama nje, kwenye maji ya utumbo, na vingine vinatazama ndani ya seli, ambako nako kuna maji. Mikia inafichana katikati. Hakuna anayeshona, vinajipanga vyenyewe, kwa sababu mafuta na maji havielewani."

"Hilo najua. Nimeosha sufuria maisha yangu yote."

Mwalimu alitabasamu, akampa Chiriku kijiko kingine. Kilikaa.

"Sasa, chumvi ikitaka kupita hapo haiwezi. Inapenda maji, na katikati ni mafuta matupu. Sukari nayo haiwezi, ni kubwa. Kwa hiyo utando una milango. Milango ya protini, imepenya kutoka upande huu hadi ule, na kila mmoja unamjua wake. Kuna wa maji peke yake. Kuna wa chumvi. Mtoto akiugua hivi, vijidudu vinaharibu mambo: mlango wa kutoa chumvi nje unaachwa wazi, chumvi inamwagika utumboni, na maji yanaifuata. Maji ndivyo yalivyo, chumvi ikienda nayo yanakwenda."

"Ndiyo kuharisha."

"Ndiyo. Ukimpa maji matupu, mengi yanapita tu. Ukimpa chumvi peke yake, haiingii ya kutosha. Lakini kuna mlango mmoja ambao ugonjwa huu hauufungi. Huo haumpokei mmoja. Unataka sukari na chumvi zije pamoja, zishikane mikono. Zikifika zote mbili unageuka, unaziingiza ndani. Na kwa nyuma seli ina pampu inayoisukuma ile chumvi kwenda kwenye damu, usiku na mchana, ili ndani pawe na nafasi ya nyingine. Chumvi imeingia, maji yanaifuata. Safari hii yanaelekea mwilini."

Aliunyanyua kijiko. "Hiki kinakwenda huko. Si chote. Lakini kinachoingia kinazidi kinachotoka, tusipokata tamaa."

Alikuwa ameeleza vizuri, alijua. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani karibu kila mwaka na alilifundisha kwa michoro ya rangi. Alisubiri Bibi abishe au acheke. Bibi alikuwa ametazama mbele, ukutani, mahali pasipo na kitu.

"Sukari na chumvi," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Hizi za jikoni."

"Hizihizi. Ukizipima vizuri ndani ya maji safi."

Bibi alikiinua kichwa cha mtoto kwa uangalifu, akakihamishia kwenye mapaja ya Mwalimu, akasimama. Akatoka nje kupitia mlango wa ukumbi, mgongo umenyooka. Mwalimu alidhani amemkera. Hakuweza kumfuata, kichwa cha Chiriku kilikuwa kizito mapajani mwake na kijiko kilikuwa kinangoja. Kupitia dirisha alimwona amesimama karibu na bomba la uani, amelishika kwa mikono miwili, hafungui maji. Alisimama hivyo muda mrefu. Watu walikuja na ndoo zao, wakamzunguka, wakaondoka.

Aliporudi uso wake ulikuwa umeoshwa. Akanyoosha mkono. "Lete kijiko. Wewe umechoka."

Mchana ule walipokezana. Chiriku alitapika mara moja tena, wakatulia, wakaanza upya. Kisha hakutapika. Jua lilipoanza kulala alifungua macho na kusema, kwa sauti ya mtu mwenye hasira, kwamba anataka kukojoa. Wanawake wale wawili walimsindikiza chooni kama askari wanavyomsindikiza waziri, wakasimama nje ya mlango wakisikiliza. Muuguzi alipopewa habari alisema hiyo ndiyo risiti aliyokuwa anaingoja. Akampima tena, akabana ngozi ya tumbo, ikarudi upesi. "Nendeni nyumbani. Endeleeni hivyohivyo. Na apewe chakula, asifungishwe."

Nyumbani Chiriku alikula uji vijiko vichache, akalala kabla taa za mtaani hazijawaka. Mwalimu alikaa jikoni akiosha chupa. Bibi aliingia, akavuta kigoda, akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikaa jikoni bila kazi mkononi.

"Kabla ya mama yake Chiriku nilizaa wa kiume," alisema. "Hukuambiwa."

"Sikuambiwa, Mama."

"Hata mkwe wangu hajui. Alikuwa ameanza kutembea, anashika ukuta. Akaharisha. Nilimpeleka hospitali, tena kubwa, nilitembea naye. Daktari akaniambia usimpe kitu, utumbo upumzike. Mama yangu akasema hivyohivyo. Majirani nao. Mimi nilikuwa binti mdogo, ningebishana na nani?" Akaurudia mshono wa pindo la koti lake kwa kidole. "Alikuwa anajua maneno machache. Maji alikuwa analijua. Aliliita siku nzima. Nililowesha kitambaa nikampaka midomoni, akakiuma, akaanza kukinyonya. Nikakivuta, Mwalimu. Nilikivuta kutoka mdomoni mwake kwa sababu niliambiwa nikimpa namuua."

Mwalimu aliweka chupa chini. Maji yaliendelea kutiririka na hakukumbuka kuyafunga.

"Nyumbani kulikuwa na sukari," Bibi alisema. "Na chumvi ilikuwepo. Zilikuwa rafu moja."

Mwalimu alijua kusema mengi, ndiyo kazi yake. Angeweza kusema ilikuwa kudra. Angeweza kusema labda ugonjwa ulikuwa mwingine, na isingekuwa uongo kamili. Lakini mtu aliyetembea na jambo kiasi kile hapozwi kwa labda. Kilichomchoma zaidi ni kwamba mlango ule alikuwa ameuchora ubaoni miaka yote, kwa chaki ya njano na ya buluu, akawatungia wanafunzi maswali, wala siku moja hakufikiria kuwa upande wa pili wa ule mchoro kuna mama na kitambaa kilicholoa.

Alikaa sakafuni, miguu ameikunja, ili uso wake uwe chini ya uso wa Bibi.

"Mama, nisikilize. Mlango huo ulikuwepo tangu zamani, lakini hakuna aliyekuwa anaujua. Waliokuja kuugundua ni watu wa maabara, na habari ilichukua miaka kufika hospitalini, na miaka mingine kufika majumbani. Daktari wako alisoma kwenye vitabu vilivyosema upumzishe utumbo. Mimi, pamoja na shahada yangu hii, ningekuwa mimi siku ile, ningekivuta kile kitambaa. Ningekivuta huku nalia, kama wewe."

"Sikulia. Nilikuwa namkaripia. Nilimwambia, utanyamaza lini."

Mwalimu akaushika mkono wa Bibi, wenye ncha za vidole ngumu kwa sindano, akauweka kwenye shavu lake. Bibi hakuutoa. Wakakaa hivyo, bomba likimwaga maji, mpaka Bibi mwenyewe aliposema, "Funga bomba, tutalipishwa," na wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka.

Mwalimu aliporudi kukaa, Bibi alimwinamia na kumtajia jina la yule mtoto. Alilitaja polepole, kama anayeangalia kama ulimi bado unaijua njia. Mwalimu akalirudia. Bibi akamsahihisha silabi moja, akalirudia tena, likakaa sawa.

"Asubuhi," Bibi alisema akiinuka, "mimi ndiye nitakayeamka wa kwanza kumpa dawa. Usinifiche pakiti."

Jumatatu Chiriku hakwenda shule, ingawa alikuwa mzima kiasi cha kumchosha mtu. Mwalimu aliporudi kutoka kazini mchana aliwakuta sebuleni, mtoto juu ya meza ya kukatia nguo, Bibi mbele yake na chaki ya kushonea. Walikuwa wamechora mistari miwili mirefu juu ya kipande cha kitambaa cheusi, na katikati yake milango mingi, mingine ikiwa na vitasa.

Baba alifika jioni, vumbi la njiani mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amepata ujumbe wote kwa mkupuo aliposhuka mlimani, na alikuwa ameendesha gari bila kula. Chiriku hakumpa nafasi ya kuvua viatu.

"Baba, mimi nilikuwa karibu kukauka. Tumboni mwangu kuna milango, na kuna mmoja una kiburi, sukari akija peke yake haumfungulii, chumvi akija peke yake haumfungulii, mpaka waje wameshikana mikono. Halafu kuna pampu."

"Pampu ya nini?"

"Ya kutoa chumvi. Haipumziki hata Jumapili. Muulize Bibi."

Baba alimtazama mama mkwe wake, halafu mkewe, halafu kitambaa cheusi chenye michoro. Alikuwa ameacha nyumba yenye wanawake wasiosemezana ila kwa salamu.

"Mama, ni kweli haya?"

"Kitasa hakuna," alisema Bibi, akiingiza uzi kwenye tundu la sindano. "Hicho kaongeza yeye. Mengine ndivyo yalivyo. Kaa ule, mwanangu amekupikia."

Ilimchukua Mwalimu kitambo, akiwa na sahani mkononi, kuelewa kwamba mwana aliyepika ni yeye.